Je, Wajua? Simu Yako Huongea Hata Ukinyamaza

Je, wajua kwamba urefu wa meseji yako ulipimwa kwa taipureta?

Mwaka 1985 Friedhelm Hillebrand, mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa miongoni mwa waliotayarisha mfumo wa simu wa GSM, alikaa nyumbani kwake Bonn akapiga chapa sentensi za kawaida kabisa, maswali na majibu ya kila siku, kisha akahesabu kila herufi, kila alama na kila nafasi. Karibu zote ziliishia kabla ya 160. Kadi za posta na ujumbe wa teleksi vilipochunguzwa, hesabu ikaelekea hapohapo. Basi 160 ikapita, na dunia nzima ikaanza kuandikiana kwa kipimo cha sentensi za Bonn.

Meseji haikupewa njia yake yenyewe. Ilipenyezwa kwenye mkondo mwembamba ambao simu na mnara huutumia kupeana habari zao: nguvu ya mtandao ikoje, laini hii iko wapi, kuna mtu anapiga. Nafasi iliyopatikana humo ilikuwa baiti 140, na kila herufi ikibanwa katika biti 7, baiti hizo zinabeba herufi 160. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Neil Papworth, kijana wa miaka 22, aliiandika kwenye kompyuta kumtakia heri ya Krismasi Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Jarvis hakujibu, kwa kuwa simu aliyokuwa nayo iliweza kupokea meseji lakini haikuweza kuituma.

Kiswahili kina bahati yake hapa, kwani herufi zetu zote zimo katika orodha ile ya biti 7. Tatizo huja na ritifaa. Ile iliyonyooka, ya ng'ombe na ng'ambo, imo. Ile iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia kwenye kompyuta na baadhi ya simu huiweka zenyewe bila kukuuliza, haimo. Alama moja ya namna hiyo ikiingia, ujumbe wote unahamia kwenye orodha nyingine yenye nafasi ya herufi 70 tu, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Sasa chukua kamati ya harusi inayowakumbusha watu 400 michango yao kwa ujumbe wa herufi 150. Kwa kawaida ni meseji moja kwa kila mtu. Katibu akinakili kutoka kompyuta maneno kwamba fedha ya ng’ombe inatakiwa kabla ya Ijumaa, ujumbe uleule unakuwa vipande 3, na bili ya meseji 400 inageuka bili ya meseji 1,200. Emoji moja ya pete nayo hufanya hivyohivyo. Makatibu wa kamati, futeni ritifaa iliyopinda, mwandike upya iliyonyooka, kisha ndipo mtume.

Je, wajua kwa nini kitochi hutuma pesa bila bando?

Ukipiga *150*00# ukaletewa menyu, hujaingia intaneti. Menyu hiyo nayo husafiri kwenye mkondo wa salamu za simu na mnara, ndiyo maana simu ya bei ya chini kabisa dukani inafanya kazi ya benki. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250. Tanzania simu za aina hiyo zikaitwa vitochi. Kenya wakaziita mulika mwizi. Kwa maoni yangu hakuna chombo kilichobadilisha maisha ya watu wa kipato kidogo katika ukanda huu kuliko hicho, na sioni kama kimewahi kupewa heshima yake.

Kabla kampuni hazijaanzisha huduma za pesa, watu walikuwa wameshajitengenezea ya kwao. Nchini Uganda mtu wa Kampala alinunua vocha, akampigia mwenye simu ya biashara kule kijijini na kumsomea namba za siri. Mwenye simu alijiongezea salio, akakata chake, akampa ndugu aliyetajwa fedha taslimu. Mpango huo haukuwa na mhandisi wala benki ndani yake. Safaricom na Vodafone walipoanza majaribio Kenya, Oktoba 2005, lengo lao lilikuwa dogo: wakopaji wa taasisi ya Faulu walipe marejesho kwa simu. Wakopaji wakaigeuza huduma mikononi mwao. Walitumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakaweka humo mauzo ya siku ili wasisafiri na noti mfukoni. Wenye mradi waliyaona hayo, na Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa ikiwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Tanzania ikaipata mwaka 2008.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mama wa soko la Gikomba, Nairobi, alipomlipa mwenzake wa meza ya pili, shilingi zile zilivuka bahari hadi Ulaya na kurudi kabla hajamaliza kufunga mzigo.

Kuvuka bahari kwenyewe kuna historia yake. Meli ziliuleta waya wa telegrafu Zanzibar mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Miaka 130 baadaye, Julai 2009, kebo ya SEACOM ilianza kazi ikiziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa nyuzi za kioo, kwa kufuata pwani ileile. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipanda hadi satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, na ndiyo sababu mtu alibofya kisha akasubiri. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Ofisi zilizokuwa zimehamishia kila kitu mtandaoni zilishinda Jumatatu zikitazama skrini.

Je, wajua siri yako inavuja wapi zaidi?

Wengi wanawaogopa wadukuzi wa ng'ambo. Mimi ningeanza na daftari la wakala. Liko juu ya kaunta, limefunguliwa, kalamu imefungwa kwa uzi. Safu zake ni tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Anayetoa 20,000 anasaini chini ya aliyetoa 450,000 dakika mbili zilizopita, na kama ana macho mazuri anajua jina lake, namba yake na alichoondoka nacho. Kazi ya daftari ni njema, kwa kuwa humlinda wakala ugomvi ukitokea na huonyesha nani alichukua nini. Lakini kurasa zikijaa, mitaani kwetu karatasi iliyokwisha kazi hufungia karanga.

Kuna pia jambo la jina. Ukitaka kutuma pesa, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji ili usikosee. Kinga hiyo imeokoa watu wengi. Vilevile imeifanya namba yoyote ya simu kuwa ufunguo wa jina kamili la mwenyewe: mgeni aliyeokota namba ya binti kwenye tangazo la biashara anaanza kutuma shilingi mia, anasoma jina, kisha anasitisha.

Na ile meseji inayoomba pesa itumwe kwenye namba nyingine, kila mwenye simu Tanzania ameipokea. Anayeituma hajui lolote kukuhusu. Anaitupa kwa maelfu ya namba, akijua kwamba mahali fulani yupo mtu ambaye mchana huo alikuwa kweli anakwenda kumtumia fundi au mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba laini karibu milioni 15 za Kenya zilichora njia za malaria?

Simu iliyowashwa haikai kimya. Ukisafiri hujitambulisha kwa minara unayoipita, ili ukipigiwa mtandao ujue pa kukutafuta. Ukipiga au ukituma meseji, mnara uliokuhudumia huandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni. Watafiti, wakiwemo Amy Wesolowski na Caroline Buckee, walipewa kumbukumbu za laini karibu milioni 15 za Kenya, bila majina, za kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, zenye minara 11,920. Waliziweka juu ya ramani ya malaria, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo katika jarida la Science: watu walikuwa wakivibeba vimelea kutoka maeneo ya Ziwa Victoria hadi Nairobi. Zanzibar ilikuwa imetangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitumia kumbukumbu za laini zaidi ya 770,000 za kampuni ya simu ya Zantel, ukaona kwamba safari nyingi za Wazanzibari zilikwenda Dar es Salaam na hazikufika siku tano, hivyo hatari yake ilikuwa ndogo. Waliohitaji kuangaliwa walikuwa wachache waliokaa bara muda mrefu, tena mikoani.

Hii ni kazi ya kuokoa maisha na ninaitetea. Lakini ahadi ya kwamba majina yameondolewa isikulaze usingizi. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza kumbukumbu za watu milioni 1.5 za miezi 15, zisizo na jina hata moja, wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu. Jaribu kwa mtu wa Dar: saa 11 alfajiri mnara wa Mbagala, saa 2 asubuhi wa Posta, Ijumaa saa 7 mchana wa Kariakoo, Jumapili jioni wa Kibaha. Mji una mamilioni ya watu, lakini ratiba hiyo pengine ni ya mmoja. Anayemfahamu atamjua bila kuhitaji jina.

Je, wajua kwamba satelaiti za GPS hazikuoni?

Hazijui hata kama upo. Ziko juu karibu kilomita 20,000, zinatangaza saa na mahali zilipo, na simu yako inasikiliza tu. Ikizisikia nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua iko wapi. Saa za satelaiti hizo hukimbia kuliko za ardhini kwa mikrosekunde kama 38 kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyodai, na kosa hilo lisiporekebishwa ramani ingekupoteza kwa kilomita kama 10 kwa siku moja. Kwa hiyo ukisikia mtu amefuatiliwa kwa GPS, aliyemchongea yuko ardhini: ni programu aliyoiruhusu mwenyewe, iliyosoma mahali alipo na kuisafirisha habari hiyo kwa mtandao.

Wakati mwingine mchongezi ni picha. Desemba 2012 tajiri John McAfee, mwanzilishi wa programu maarufu ya kuzuia virusi, alikuwa mafichoni baada ya kutoroka Belize. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakapiga picha kwa simu na kuiweka mtandaoni. Ndani ya faili la picha simu ilikuwa imeandika latitudo na longitudo, na dunia ikajua kwamba yuko Guatemala. WhatsApp huondoa maandishi hayo ya ndani picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, kama wanavyofanya wengi ili isipoteze ubora, hubaki yote. Anayeuza kiti mtandaoni na kutuma picha yake kwa njia hiyo, huenda anatuma pia mahali sebule ilipo.

Ya haraka haraka. Piga *#06# na utaona tarakimu 15 za IMEI, utambulisho wa simu yenyewe usiobadilika hata ukibadili laini. Kwa tarakimu hizo Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 16 Juni 2016.

Dirisha la faragha la kivinjari huficha historia yako kwa anayeshika simu hiyo baada yako, lakini halifichi kitu kwa mtandao unaokuhudumia au tovuti unayoitembelea. Google walishtakiwa Marekani kwa jambo hilo mwaka 2020, na mwaka 2024 wakakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu walizokusanya.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020 kwa sababu foleni za vitambulisho vya NIDA zilikuwa hazijaisha.

Je, wajua nani amejificha ndani ya mashine?

Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa wa Austria sanamu iliyovikwa kilemba, imekaa nyuma ya kabati, inayocheza sataranji na kuwashinda watu. Ilizunguka Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Hata Napoleon alicheza nayo mwaka 1809 akashindwa. Ndani ya kabati alikuwa amekunjwa mchezaji hodari wa sataranji, akisukuma vipande kwa taa ya mshumaa. Sanamu hiyo iliitwa Mturuki, na mwaka 2005 kampuni ya Amazon ililichukua jina hilo kwa huduma ya kugawa vibarua vidogovidogo vya mtandaoni, vile ambavyo kompyuta haiviwezi. Kwa mikono ya wafanyakazi wa huduma hiyo ikajengwa ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni 14 zilizopewa majina yake kwa mkono na watu karibu 49,000 kutoka nchi 167. Hazina hiyo ndiyo iliyozifundisha kompyuta kutofautisha paka na mbwa, na kutoka hapo akili mnemba ya leo ikapata mwendo.

Wewe nawe umefanya kazi hiyo, tena bure. Ulipoambiwa uandike maneno yaliyopindapinda ili uthibitishe kwamba u binadamu, mara nyingi neno moja lilikuwa limetoka kwenye kitabu au gazeti la zamani ambalo kompyuta ilishindwa kulisoma. Luis von Ahn na wenzake ndio waliobuni mtindo huo, Google wakaununua mwaka 2009, na kwa jasho la mamilioni ya watu makala za zamani za New York Times zikawekwa mtandaoni.

Lakini wapo waliokunjwa ndani ya kabati kwa namna nzito zaidi, na hao wako Nairobi. Kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2023 kampuni ya Sama ilipewa kandarasi ya kuchuja machapisho ya Facebook ya nchi kadhaa za Afrika. Kuchuja maana yake ni mtu kukaa mbele ya skrini akitazama mauaji, ubakaji na mateso ya watoto, moja baada ya jingine, siku nzima, ili mwingine akifungua simu akutane na picha za harusi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hiyo, aliifungulia mashtaka kampuni hiyo pamoja na Meta, kampuni mama ya Facebook. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa haina makao huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa hoja hiyo. Desemba mwaka huohuo ripoti ya daktari iliyowasilishwa katika kesi hiyo ilieleza kwamba zaidi ya 140 kati yao wana maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba ChatGPT pia ilipitia mikononi mwa Wakenya. Ili ijifunze kutosema machafu, ilihitaji kuonyeshwa machafu yaliyowekewa alama, na waliosoma maandishi hayo na kuyawekea alama walikuwa wafanyakazi wa Sama waliopokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Nalitaja hili kwa sababu watu wetu wanaposimulia maajabu ya akili mnemba huyatazama kama mvua, kitu kinachotoka juu. Sehemu yake ilitoka kwa vijana waliopanda matatu asubuhi kwenda kazini na kurudi usiku wakishindwa kulala.

Madereva wa teksi za mtandaoni wako karibu na habari hiyo. Anayewapangia nauli na abiria ni programu, si mtu wa kugongewa mlango. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake Dar es Salaam baada ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni inamkata dereva. Ilirudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Katika mvutano huo waliokaa miezi bila abiria ni madereva, wengi wakiwa na gari la mkopo au la hesabu ya kila siku.

Je, wajua kwamba mkopo unaweza kumdai mjomba wako?

Mikopo ya mtandaoni iliingia kwa urahisi wake: hakuna dhamana, hakuna mdhamini, dakika tano pesa imeingia. Dhamana ilikuwepo, ila haikutajwa. Programu nyingi ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji mwenye shida ya usiku huo akabonyeza kukubali. Siku akichelewa kulipa, meseji zinakwenda kwa bosi, kwa mchungaji, kwa mkwe, zikimwita mwizi na kuwataka wamwambie alipe. Orodha ya simu imegeuka rehani, na walio kwenye orodha hawakukopa senti. Sijui udhalimu mwepesi kuutenda kuliko huo. Google ilipiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha za watumiaji kuanzia mwishoni mwa Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikataja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Mitaani mikopo ya kukamua namna hii huitwa kausha damu. Kinachosahaulika ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa, kutaka zisahihishwe, kukataa zitumike kumtangazia biashara, na kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Kenya ilikuwa na yake tangu Novemba 2019.

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya ilitoa adhabu tatu kwa mpigo. Mkopeshaji wa mtandaoni alitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu alizozipata kwa wengine. Ukumbi wa starehe ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Adhabu kubwa kuliko zote, 4,550,000, iliangukia shule, kwa kuchapisha picha za watoto bila kuwauliza wazazi. Tazama mpangilio huo: mkopeshaji sugu ametozwa kidogo kuliko shule. Mimi naona Kamishna alipima sawasawa. Mtu mzima aliyedhalilishwa anaweza kujitetea. Mtoto wa darasa la pili, aliyepigwa picha na sare yenye jina la shule, hana hata habari kwamba mtu yeyote sasa anajua aina ya sare yake na lango analotokea mchana.

Ugomvi wa picha una umri. Mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya kamera ya mkononi ya Kodak kuingia madukani, wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala ya kudai kwamba sheria imlinde mtu aachwe na maisha yake. Kilichowaudhi zaidi ni kamera za haraka na magazeti ya udaku. Sheria nyingi za faragha za leo zina damu ya makala hiyo.

Na je, wajua bei ya mboni?

Nairobi ilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023 maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipanga foleni ndefu nje ya jumba la mikutano la KICC ili mradi wa Worldcoin upige picha mboni za macho yao kwa chombo cha mviringo kinachong'aa, nao wapewe sarafu za kidijitali 25. Wengi walizibadilisha kuwa pesa ya matumizi. Siwalaumu, elfu saba ni kodi ya chumba. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi hilo.

Namba ya siri ikijulikana unaibadilisha. Laini ikichukuliwa unairudisha kwa kitambulisho. Mboni huna ya akiba. Ndiyo sababu kesi iliyofunguliwa na Taasisi ya Katiba pamoja na wenzake ilikuwa nzito, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamuru taarifa zote za kibayometriki zilizochukuliwa zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Ulinzi wa Data akisimamia. Wenye mradi, alisema jaji, walikuwa hawajafanya tathmini ya athari inayotakiwa kisheria kabla ya kuanza. Na idhini za watu wale waliopanga foleni hazikuhesabiwa kuwa idhini, kwa kuwa zilipatikana kwa kishawishi cha sarafu.